Pumzi Iliyobanwa: Historia ya Mwendo wa Kupumua katika Picha za Kitabibu

Mwili wa binadamu aliye hai hautulii kamwe, kwa kuwa hata mtu aliyelala kimya kitandani huendelea kupumua, na kila pumzi anayoivuta hukisukuma chini kiwambo, yaani msuli mpana uliotandaa kati ya kifua na tumbo, kisha kila anapoitoa pumzi hiyo kiwambo hupanda tena. Kwa mtu mzima aliyetulia jambo hili hutokea kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, na kiwambo husafiri takribani sentimita 1 hadi 2, kikifuatana na ini, wengu, kongosho na figo, ambavyo vyote hupanda na kushuka pamoja nacho. Katika maisha ya kila siku mwendo huo hauna madhara yoyote. Kwa mtu anayetaka kupiga picha ya ndani ya mwili kwa chombo kinachohitaji sekunde, dakika au saa nzima kukusanya taarifa zake, mwendo huo ni tatizo la msingi, kwa sababu picha inayopatikana huwa ni mchanganyiko wa kila mahali ambapo kiungo kilipita wakati chombo kikifanya kazi.

Kwa zaidi ya karne moja jawabu la kwanza la tatizo hili limekuwa amri anayopewa mgonjwa: vuta pumzi, ibane, usipumue. Amri hiyo husikika hadi leo katika vyumba vya eksirei kuanzia Mombasa hadi Bujumbura, na imezoeleka kiasi kwamba ni wachache wanaojiuliza ilitoka wapi. Historia yake inastahili kuchunguzwa kwa sababu inaonyesha jinsi mzigo wa kupata picha nzuri ulivyowekwa tangu mwanzo juu ya mapafu ya mgonjwa, na jinsi ilivyochukua miongo mingi kuuhamishia kwenye mashine. Walioumizwa zaidi na ucheleweshaji huo ni wale wasioweza kutii: mtoto mchanga, mzee mwenye pumu, mgonjwa wa moyo anayehema, kiziwi asiyeisikia sauti ya mpiga picha, na mtu aliyeamriwa kwa lugha asiyoijua. Hao ndio ambao mara nyingi walihitaji picha kuliko wengine.

Wilhelm Conrad Röntgen alipoigundua miale ya eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, mwezi Novemba 1895, picha yake iliyojulikana sana ilikuwa ya mkono wa mkewe, na uchaguzi huo haukuwa wa bahati tu. Mkono ni mwembamba, una mifupa inayoonekana vizuri, na unaweza kulazwa juu ya bamba la picha ukatulia kwa dakika nyingi. Kifua na tumbo ni vinene zaidi, kwa hiyo mirija dhaifu ya eksirei ya miaka ile ilihitaji muda mrefu zaidi kuvipenya, wakati mwingine nusu saa au kuzidi, na hakuna mtu awezaye kubana pumzi kwa muda kama huo. Picha za kifua za miezi ya kwanza zilionyesha mbavu zilizofifia na kiwambo kisicho na ukingo. Mwaka 1896 Michael Pupin wa New York aliunganisha bamba la picha na skrini iliyopakwa kemikali inayong'aa inapopigwa na eksirei, mbinu iliyoongeza athari ya miale juu ya bamba na kupunguza sana muda uliohitajika. Tangu hapo sehemu kubwa ya maendeleo ya upigaji picha za kifua ilikuwa mbio za kuufanya muda wa picha uwe mfupi kuliko pumzi moja.

Lakini wakati wengine walikuwa wakiukimbia mwendo huo, daktari mmoja wa Boston aliutazama kwa makini na kuufanya kuwa ushahidi. Francis Henry Williams alitumia fluoroskopu, yaani skrini inayoonyesha kivuli cha mwili papo hapo bila kukihifadhi kwenye bamba, na kuanzia mwaka 1896 alieleza kwamba kwa baadhi ya wagonjwa wa kifua kikuu kiwambo cha upande ulioathirika kilishuka kidogo kuliko cha upande mzima, hata kabla dalili nyingine hazijawa wazi. Kwake kupumua kulikuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe iliyojionyesha mbele ya macho, na kitabu chake kikubwa kuhusu eksirei katika tiba, kilichotoka mwaka 1901, kilikipa kipimo hicho nafasi ya heshima. Inasikitisha kwamba wazo hili liliwekwa kando kwa muda mrefu. Picha iliyotulia iliweza kuwekwa kwenye faili, kutumwa kwa daktari mwingine na kulinganishwa na ya mwaka uliopita, ilhali kivuli kinachocheza kwenye skrini kilipotea mara taa ilipowashwa, na vilevile kilimwangazia daktari mwenyewe kiasi kikubwa cha mionzi.

Mrija uliobuniwa na William Coolidge nchini Marekani mwaka 1913, ambao ulitumia waya wa moto kutoa elektroni na hivyo ukaweza kudhibitiwa kwa uhakika, pamoja na mirija yenye anodi inayozunguka iliyofuata mwishoni mwa miaka ya 1920, ilishusha muda wa picha ya kifua hadi sehemu ndogo ya sekunde. Hapo ndipo amri ya kubana pumzi ilipopata umbo lake la kudumu. Mgonjwa aliambiwa avute pumzi mpaka mwisho kwa sababu mbili: kwanza, mapafu yaliyojaa hewa hukishusha kiwambo na kuitawanya mishipa ya damu, hivyo sehemu kubwa ya mapafu huonekana, pili, kuibana pumzi hiyo huondoa ukungu uliosalia. Wasomaji wa picha walijizoesha kuhesabu mbavu zinazoonekana juu ya kiwambo, wakitarajia takribani mbavu 10 za nyuma, ili kujua kama mgonjwa alitii. Manuel de Abreu wa Brazili alipoanzisha mwaka 1936 mfumo wa kupiga picha ndogo za kifua kwa umati wa watu ili kutafuta kifua kikuu, amri hiyo ilitoka katika hospitali kubwa ikaingia viwandani, shuleni na kambini, na nchi nyingi ziliuiga mfumo huo.

Katika miaka hiyohiyo ilizaliwa mbinu iliyouchukua mwendo na kuutumia kwa makusudi. Alessandro Vallebona wa Genoa na Bernard Ziedses des Plantes wa Uholanzi, kila mmoja kwa njia yake karibu na mwaka 1930, waliufanya mrija na bamba la picha viende pande zinazopingana wakati wa kupiga picha, ili tabaka moja tu la mwili libaki wazi huku matabaka ya juu na ya chini yake yakifutika kwa ukungu. Mbinu hiyo, iliyoitwa tomografia kwa maana ya kuchora tabaka, ilidai sekunde kadhaa, na mgonjwa alirudishiwa wajibu wa kutulia kwa muda wote huo.

Kizazi cha mashine za kompyuta kilianza kwa kulikwepa tatizo. Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, alipompiga mgonjwa wa kwanza picha ya CT, yaani tomografia ambayo kompyuta huijenga kipande kwa kipande kutokana na vipimo vya eksirei, katika hospitali ya Atkinson Morley jijini London tarehe 1 Oktoba 1971, alichagua kichwa, kiungo ambacho hakipumui na kinachoweza kufungwa kisitikisike. Chaguo hilo lilikuwa la lazima, kwani mashine yake ilihitaji kama dakika 5 kukusanya vipimo vya vipande viwili tu. Hesabu ya CT hujengwa juu ya dhana kwamba kila kipimo kilichochukuliwa kutoka kila pembe kilikitazama kitu kilekile mahali palepale. Dhana hiyo ikivunjwa, picha hujaa mistari inayoukata mwili na mipaka iliyojirudia. Mashine za mwili mzima zilizofuata zililazimika kwanza kuwa na kasi, na kufikia mwaka 1975 EMI ilikuwa na mashine iliyomaliza kipande kimoja katika sekunde 20 hivi, muda ambao mtu mwenye afya aweza kubana pumzi, ingawa mgonjwa wa mapafu mara nyingi hawezi.

Hata hivyo kubana pumzi mara nyingi mfululizo kulileta kasoro mpya. Kila kipande cha CT kilipigwa kwa pumzi yake, na hakuna mtu anayevuta pumzi ya kina kilekile mara 20 zinazofuatana. Kivimbe kidogo cha mapafu kingeweza kuruka kati ya kipande na kipande kisionekane kabisa, au kikaonekana mara mbili kama vivimbe viwili. Hitilafu hiyo ilipungua sana pale Willi Kalender na wenzake wa Ujerumani walipoonyesha, mwaka 1989, CT ambayo mrija wake uliendelea kuzunguka bila kusimama huku kitanda kikisonga, hivyo kifua kizima kikapigwa kwa pumzi moja.

Wataalamu wa tiba ya nyuklia, yaani tawi linalompa mgonjwa kiasi kidogo cha dawa yenye mnunurisho kisha kupiga picha ya mionzi inayotoka mwilini mwake, hawakuwa na njia ya kukimbia. Kamera ya Hal Anger, iliyobuniwa Berkeley mwishoni mwa miaka ya 1950, ilikusanya chembe za mwanga polepole, na picha ya ini ilichukua dakika kadhaa. Katikati ya miaka ya 1960 watafiti walikwisha kupima kiasi ambacho kupumua kulifuta madoa madogo ya ini, madoa ambayo huenda yalikuwa saratani iliyosambaa. Mgonjwa hakuweza kuamriwa abane pumzi kwa dakika hizo zote. Kwa hiyo wazo jipya lilizaliwa hapa, mahali ambapo amri ilishindwa, na kwa maoni ya makala hii hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika historia hii.

Mwaka 1971 B. E. Oppenheim alichapisha njia ya kutumia kompyuta kupunguza athari ya kupumua katika picha za ini. Njia yake iliacha kuichukua picha moja ndefu. Badala yake data iligawanywa katika fremu nyingi za muda mfupi, na kwa kila fremu kompyuta ilitafuta kitovu cha wingi wa mionzi, yaani wastani wa mahali ambapo mionzi yote ya ini ilitoka. Kitovu hicho kilipanda na kushuka pamoja na pumzi. Kompyuta iliisogeza kila fremu mpaka vitovu vyote vikakaa mahali pamoja, kisha ikazijumlisha fremu zote, na ini likaonekana kana kwamba halikusogea. Mgonjwa alipumua kama kawaida tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka uliofuata DeLand na Mauderli walieleza njia ya pili, ile inayoitwa ya lango: chombo hufuatilia pumzi na kuiruhusu kamera kupokea data pale tu kifua kinapokuwa katika hali moja iliyochaguliwa, kisha lango hufungwa mpaka hali hiyo irudi. Njia hizo mbili, ya kusogeza na ya kuchuja, ndizo wazazi wa karibu kila kitu kilichofuata. Kila moja ina gharama yake: ya kwanza hudhani kwamba kiungo husogea chote kwa pamoja, ilhali ini kwa kweli hujikunja na kujinyoosha, ya pili hutupa sehemu kubwa ya data, hivyo hurefusha kazi au hupunguza ubora wa picha.

Upigaji picha kwa sumaku, MRI, uliingia katika uwanja huu ukiwa na mwendo wa kobe. Tarehe 3 Julai 1977 Raymond Damadian na wasaidizi wake wa New York walipata picha ya kwanza ya kifua cha mtu aliye hai kwa njia hiyo, na kazi ilichukua karibu saa 5. Mashine zilizofuata zilishusha muda hadi dakika, lakini zilifichua kasoro ya aina yake. MRI hukusanya data mstari baada ya mstari, labda mistari 128 au 256, na picha haionekani mpaka mistari yote iwe imekamilika. Ikiwa ukuta wa tumbo umepanda na kushuka kati ya mstari na mstari, tofauti hiyo inayojirudia kwa mpangilio huigeuza hesabu, na picha huonyesha nakala hafifu za mafuta ya tumbo zikiwa zimepangwa kwa umbali sawa, moja juu ya nyingine, zikilifunika ini. Daktari asiyezifahamu nakala hizo angeweza kuzidhania ugonjwa.

D. R. Bailes na wenzake jijini London walipata mwaka 1985 jawabu lenye werevu mkubwa: mistari haikuhitaji kukusanywa kwa mfuatano wake wa kawaida, bali ingeweza kupangwa upya papo hapo kulingana na pumzi ya mgonjwa, ili mistari jirani iwe imepigwa katika hali zinazofanana za kupumua. Mpangilio wa kujirudia ukivunjwa, nakala hutoweka kwa sehemu kubwa, bila kutupa data na bila kurefusha muda. Mkanda wenye hewa uliofungwa kifuani ndio uliotoa habari za pumzi, na mkanda una udhaifu wake, kwa kuwa hupima ngozi wakati kinachohitajika ni mahali kilipo kiungo cha ndani. Richard Ehman na Joel Felmlee wa Mayo Clinic nchini Marekani walilishughulikia hilo mwaka 1989 kwa kuifanya mashine yenyewe itume ishara fupi ya uongozi kabla ya data ya picha, ishara inayosoma kilipo kiungo kinachosogea, ili kila kipimo kirekebishwe. Matumizi yake mashuhuri yakawa kuusoma ukingo wa juu wa ini chini ya kiwambo, na ndiyo yaliyowezesha mishipa ya damu ya moyo kupigwa picha kwa MRI huku mgonjwa akipumua.

Wakati huohuo mbio za kasi hazikukoma. Axel Haase, Jürgen Frahm na wenzao wa Göttingen walibuni katikati ya miaka ya 1980 mfuatano wa mapigo ya redio uliopunguza muda wa picha hadi sekunde, na kuanzia hapo picha za ini kwa MRI zikarejea kwenye amri ya zamani ya kubana pumzi kwa takribani sekunde 15 au 20. Hospitali nyingi ziligundua jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulijaribu: pumzi iliyotolewa yote hukirudisha kiwambo karibu mahali palepale kila mara, lakini ni vigumu kuvumilia bila hewa, pumzi iliyovutwa ni rahisi kuibana, lakini kina chake hubadilika. Watoto wadogo, kwa kuwa hawawezi lolote kati ya hayo, waliendelea kulazwa kwa dawa ya usingizi ili tu picha ipatikane.

Kuunganishwa kwa mashine za aina mbili kulileta mgongano wa saa mbili tofauti. PET, picha inayoonyesha mahali ambapo seli hutumia sukari kwa wingi kama zifanyavyo seli nyingi za saratani, hukusanywa kwa dakika kadhaa katika kila sehemu ya mwili huku mgonjwa akipumua. CT ya kisasa hupita sehemu hiyohiyo kwa sekunde chache. David Townsend na Ronald Nutt waliziweka pamoja katika mashine moja, na ya majaribio ilianza kutumika Pittsburgh mwaka 1998. Faida yake ilikuwa kubwa, lakini kwenye mpaka wa ini na mapafu PET ilionyesha wastani wa pumzi nyingi wakati CT ilionyesha hali moja tu ya pumzi. Zaidi ya hayo, CT hutumika kukadiria kiasi cha mionzi ya PET kilichozuiwa na mwili, hivyo mahali ambapo CT iliona hewa na PET iliona ini hesabu hukosea, na ukanda mwembamba uliopinda kama mwezi mchanga hutokea juu ya ini. Watafiti wa Johns Hopkins walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa wagonjwa 300 uliobaini kwamba kwa karibu asilimia 2 kati yao uvimbe ulionekana mahali pasipo pake, hasa uvimbe wa kilele cha ini ulioonekana kana kwamba uko ndani ya sehemu ya chini ya pafu. Asilimia hiyo ni ndogo kwenye karatasi. Kwa mgonjwa anayeambiwa saratani yake imeingia mapafuni wakati haijaingia, uzito wake hauna kipimo.

Katika tiba ya mionzi kosa la aina hii huacha kuwa la picha tu, kwani miale inayokosa uvimbe huunguza nyama nzima. Madaktari wa zamani walilinda usalama kwa kuongeza ukingo mpana kuzunguka uvimbe, wakikubali kuidhuru sehemu yenye afya ili wasiukose ugonjwa. Ohara na wenzake wa Tsukuba, Japani, walieleza mwaka 1989 jinsi ya kuifungua na kuifunga miale kwa kufuata pumzi. Mjini Sapporo, miaka kumi baadaye, kundi la Hiroki Shirato lilipandikiza ndani ya uvimbe au karibu nao kidonge cha dhahabu chenye kipenyo cha milimita 2, kikatazamwa kwa eksirei mara 30 kwa sekunde, na miale ikapigwa pale tu dhahabu ilipopita mahali palipokusudiwa. Mwaka 2003 makundi kadhaa ya Marekani yalieleza CT ya vipimo vinne, ambayo hupiga kila sehemu ya kifua kwa muda wa pumzi nzima au zaidi kisha huzipanga picha katika hatua, kwa kawaida 10, za mzunguko wa kupumua, ili mpangaji wa tiba aone uvimbe ukienda na kurudi. Kwa wanawake wenye saratani ya titi la kushoto, pumzi ndefu iliyobanwa ilipata kazi ya heshima, kwa sababu kifua kilichojaa hewa huusogeza moyo mbali na njia ya miale.

Hatua za karibuni zimelirudisha wazo la Williams kwa sura mpya. Kuanzia mwaka 2007 baadhi ya watafiti wa MRI waliacha mistari sambamba na kukusanya data kwa mihimili inayopita katikati, kila mmoja ukigeuzwa digrii 111.25 kutoka uliotangulia, pembe inayohakikisha kwamba mihimili yoyote mfululizo huenea karibu sawasawa. Data ya aina hiyo inaweza kugawanywa baada ya kazi kwisha kwa namna yoyote inayotakiwa. Mwaka 2016 Li Feng na wenzake wa New York walionyesha kwamba badala ya kuutupa mwendo wa kupumua unaweza kuhesabiwa kama kipimo kimoja zaidi cha picha, na hali zote za pumzi zikajengwa kwa pamoja, kila moja ikiisaidia nyenzake kwa yale yanayofanana kati yao. Mgonjwa hulala na kupumua, na mwishoni daktari hupata ini lililotulia pamoja na kumbukumbu ya jinsi lilivyosogea.

Hata hivyo nyingi ya njia hizi, kuanzia lango la mwaka 1972 hadi CT ya vipimo vinne, hutegemea kwamba pumzi ya sasa itafanana na ya kabla yake. Mgonjwa anayekohoa, anayelia kwa maumivu au anayehema kwa hofu ndani ya mashine huvunja sharti hilo, na picha yake hutoka na ngazi na mikato kwenye mpaka wa kiwambo, ambayo mpiga picha hulazimika kuitambua kwa jicho lake kabla ya kuamua kama kazi irudiwe.